Payanke: yai moja, tundu moja, miezi minne

Ukimwona payanke angani juu ya kisiwa cha Cousin huko Shelisheli, mweupe pe, manyoya mawili marefu ya mkia yakipepea nyuma yake, unaweza kudhani ni ndege wa maringo tu. Mtafute chini kwenye shina la mti, ndipo utamjua. Utamkuta amelala kifudifudi kwenye vumbi. Kusimama wima hawezi, maana miguu yake ni mifupi na imekaa nyuma mno, hivyo akitaka kusogea hujiburuta kwa kifua. Kiota cha kusuka hana. Ana kijishimo alichokikwangua mwenyewe na yai moja ndani yake, basi. Makosa mengi ya wanaofuatilia uzazi wake hayatokani na kutojua ndege huyu ni nani. Yanatokana na kusahau kwamba akishaingia tunduni, tundu lile linakuwa na mwenyewe kwa miezi minne.

Payanke ndilo jina wanalomwita Washelisheli. Kitaalamu ni Phaethon lepturus: mstari mweusi unaopita machoni, mabaka meusi juu ya mabawa, mdomo wa manjano, uzito wa gramu 300 au zaidi kidogo. Ukihesabu na mkia, urefu wake hufika sentimita 70 hadi 80, na zaidi ya nusu ya urefu huo inaweza kuwa mkia mtupu. Anaye ndugu mkubwa mwenye mkia mwekundu, anayezaliana Aldabra na wachache Aride, lakini huyo tumwache. Hapa tunazungumzia wa mkia mweupe, hasa wa visiwa vya majabali kama Cousin na Aride, ambako hakuna panya wala paka na ndege anaweza kutaga chini bila kuliwa siku ya pili.

Hesabu ya siku ndiyo ya kushika kwanza. Yai huatamiwa siku 40 hadi 42, baba na mama wakipokezana, kila mmoja akikaa siku kadhaa mfululizo bila kula wakati mwenzake yuko bahari kuu akitafuta panzi wa baharini (samaki warukao) na ngisi. Kinda akianguliwa hukaa tunduni siku 70 hadi 85, kutegemea anavyolishwa. Ukijumlisha, kazi ya kulea kinda mmoja ni siku 110 hadi 127. Shelisheli haina msimu mmoja wa kutaga. Kusi ikivuma wanataga, kaskazi ikiingia wanataga, ingawa idadi hupanda na kushuka. Wala jozi hairudi kwa kalenda ya mwaka. Watafiti wa Kiingereza waliokaa kisiwa cha Ascension, katika Atlantiki, kati ya 1957 na 1959 waliona hilo wazi: payanke aliyemaliza kulea aliweza kurudi kutaga kabla miezi 12 haijatimia, na aliyepoteza yai au kinda alirudi mapema zaidi.

Kwa hiyo anayezunguka kisiwa mara moja, akahesabu matundu yenye yai au kinda na kuandika kwamba hiyo ndiyo idadi ya jozi, amejidanganya. Tuseme mmezunguka mkapata matundu 100. Mkarudia kila mwezi mwaka mzima, na wastani ukabaki 100. Mkajua pia kwamba tundu moja, ukichanganya yaliyofaulu na yaliyovunjika mapema, hubaki na yai au kinda kwa siku 60 kwa wastani. Majaribio ya kuzaa kwa mwaka ni 100 mara 365, gawanya kwa 60: kama 608. Na hizo 608 nazo si jozi, kwa sababu jozi iliyopoteza yai inaweza kutaga tena, pengine tundu lilelile. Bila kuwavisha ndege pete zenye namba mguuni huwezi kutenganisha jozi na majaribio. Ni afadhali uandike "majaribio" kuliko uandike "jozi" na mwingine baada yako ajenge hoja juu ya neno hilo.

Kuyapata matundu ni kazi ya subira. Pa kuanzia ni chini ya mashina makubwa, kati ya mizizi iliyoinuka, chini ya magogo yaliyoanguka, na kwenye nyufa za majabali. Asubuhi jua likishapanda, payanke wanaotafuta mahali huzunguka chini chini juu ya msitu, hupiga kelele ya kukereza, hukaribia jabali na kurudi nyuma, hukaribia tena. Pale wanapokaribia mara kwa mara ndipo pa kwenda kuchungulia. Kuna mtego mmoja hapa. Tundu la kinda hujitangaza, kwa kuwa kinyesi chake cheupe huruka ukutani na kwenye majani makavu. Tundu la yai kwa kawaida ni safi, na ndege aliye ndani hunyamaza mpaka umfikie. Mkaguzi asiyeinama na tochi atapata makinda mengi na mayai machache, kisha atashangaa jinsi kisiwa kilivyobarikiwa. Beba tochi ndogo na kioo cha mkononi. Kioo kikiwekwa mdomoni mwa tundu kwa pembe kinakuonyesha upande ambao jicho lako halifiki, bila kuingiza mkono.

Kila tundu lipewe namba. Usipake rangi jabalini, mvua na chumvi huifuta, wala usipigilie misumari kwenye mti hai. Kibati cha alumini kilichochorwa namba, kikafungwa kwenye kijiti mita moja hivi kutoka mlangoni, upande uleule kwa matundu yote, kinatosha. Andika pia kina cha tundu, kimo cha mlango, na kama lina paa la jiwe, la mzizi au halina kabisa. Haya yataonekana ya kupoteza muda siku ya kwanza. Baada ya mwaka ndiyo yatakayokueleza kwa nini tundu namba 14 halijawahi kutoa kinda: mvua ikinyesha, maji ya mteremko yote yanapita hapo.

Sasa ukaguzi wenyewe. Payanke aliyelalia yai hakimbii. Atapiga kelele kali inayoumiza masikio na atauma. Kingo za mdomo wake zina meno madogo kama ya msumeno, na kidole kikiingia hakitoki salama. Lakini kuumwa ni shida yako. Shida ya yai ni ndege kujirusha nyuma kwa hofu na kulikanyaga, au kulisukuma nje ya kijishimo mahali asipoweza kulirudisha. Basi usimnyanyue. Chukua kijiti bapa au rula, kipitishe taratibu chini ya kifua chake kutoka mbele, kiinue kidogo tu, umulike, uone, ukitoe. Dakika mbili zinatosha, na hiyo ni pamoja na kuandika. Jua la saa sita usikague tundu lisilo na kivuli, na mvua ikianza, acha.

Yai lenyewe lina rangi ya maziwa iliyofunikwa madoa ya hudhurungi na zambarau, mengine mazito hata usione rangi ya chini. Lipime mara moja tu, siku ya kwanza kulifikia: urefu na upana kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili. Kupata ujazo, zidisha urefu kwa upana, zidisha tena kwa upana, kisha kwa 0.51. Yai la milimita 54 kwa 39 litakupa kama sentimita 42 za ujazo. Ukilipima na uzito, unaweza kukisia limekaa muda gani, kwa kuwa mayai ya ndege hupungua uzito kila siku maji yanapotoka kupitia vitundu vya ganda, na kwa wastani hupoteza kama asilimia 15 kabla ya kuanguliwa. Njia nyepesi zaidi ni kumulika: funika tochi kwa kitambaa cheusi, weka yai juu ya tundu la mwanga. Jipya huonyesha kivuli cha kiini tu. Lililokwisha kuatamiwa siku kadhaa lina mishipa kama utando wa buibui. La mwishoni ni giza tupu, isipokuwa chumba cha hewa upande mnene. Madoa yakiwa mazito mno hata mwanga usipite, litie kwenye bakuli la maji yasiyo na chumvi. Jipya hulala chini, la katikati husimama wima chini, la mwishoni huelea. Lakini lililokwisha kupata ufa wa kinda usilitie majini hata kwa sekunde moja. Utalizamisha.

Kwa nini umri wa yai ni muhimu hivyo? Kwa sababu unakuambia lini urudi. Kupita kila wiki kunatosha wakati mwingi, ila siku zinazozunguka kuanguliwa zinahitaji kupitwa kila baada ya siku tatu au nne. Kinda aliyekufa siku ya pili haachi kitu. Mijusi na kaa humaliza mwili, na sisimizi humaliza kilichobaki. Ukipita kila baada ya siku 14, utakuta tundu tupu na kuandika "yai limepotea", kumbe yai liliangua vizuri na aliyepotea ni kinda. Kosa hilo dogo hubadilisha hadithi nzima, kwa kuwa chanzo cha kupotea kwa yai si lazima kiwe chanzo cha kifo cha kinda. Ukikuta tundu tupu, kabla hujaandika lolote chambua vumbi kwa vidole. Vipande vidogo vya ganda vyenye ngozi kavu iliyobanduka kwa ndani ni dalili ya kuanguliwa. Ganda lenye tundu moja na mabaki ya ute au kiini liliharibiwa likiwa bado yai.

Na nani ameliharibu? Mgeni wa kisiwa atasema mijusi, na ni kweli mijusi ya Cousin na Aride ni mingi na haiachi yai lililopasuka. Lakini mara nyingi mjusi huja kumalizia tu. Katika kisiwa kisicho na panya, adui mkubwa wa payanke ni payanke mwenzake. Matundu mazuri ni machache kuliko wanaoyataka. Ndege anayetafuta mahali huingia tundu lenye mwenyewe, na wawili hao hushikana midomo, hupigana mabawa katika nafasi ya kikapu, na yai liko katikati yao. Likivingirika nje, hakuna atakayelirudisha. Kinda mdogo aliyeachwa peke yake ndiye anayeumia zaidi, kwani mvamizi humdonoa kichwani na shingoni mpaka amtoe au amuue. Hivyo yai likikutwa zima, baridi, nusu mita nje ya tundu ambalo ndani yake amelala ndege mzima, usiandike "limetelekezwa". Soma pete ya aliye ndani. Kama si yule wa wiki iliyopita wala mwenzi wake, umeshapata jibu. Kinda aliyekufa akiwa na vidonda utosini na tumbo halijaguswa, jibu ni lilelile.

Pete, kwa hiyo, si pambo. Kibali cha serikali na cha wasimamizi wa kisiwa ni lazima, na avishaye awe amefundishwa. Pete ya alumini isitumike kwa ndege huyu: mguu wake mfupi huburuzika kwenye changarawe na kulowa maji ya chumvi, na maandishi hufutika kabla ndege hajazeeka. Chuma kisichoshika kutu hudumu. Wakati wa kumshika, bana mabawa yote mawili mwilini na ufunike kichwa kwa kitambaa. Mkia usiuguse, kwa sababu manyoya yale mawili yakikatika huchukua muda kuota upya.

Mti wa mapou (Pisonia grandis) una jambo lake pia. Ndio unaompa payanke mizizi ya kujifichia, na ndio wakati mwingine unaomuua. Mbegu zake zina gundi, huanguka kwa vishada, hunasa kwenye manyoya ya mabawa na mkia hata ndege asiweze kuruka. Vinega weupe, ndege wengine wa baharini, ndio wanaoonekana zaidi wakining'inia, ila payanke anayejiburuta chini hukusanya mbegu kama ufagio. Ukimkuta amenaswa, shika shina la unyoya kwa vidole vya mkono mmoja na uvute mbegu moja moja kwa mkono mwingine kuelekea ncha. Ukivuta kishada kizima unang'oa na manyoya. Kobe wakubwa nao hupita popote wanapotaka na kukanyaga wanachokanyaga. Huko kisiwa cha Frégate, mwaka 2020, kobe mmoja alipigwa picha za video akimfuata kinda wa ndege wa baharini polepole, akamuua na kumla. Aliyekuwa akiamini kobe ni mla majani tu alibadili mawazo.

Panya tusiwasahau, ingawa hawapo. Cousin ilikuwa shamba la minazi mpaka iliponunuliwa mwaka 1968 kwa ajili ya ndege, na Aride ilinunuliwa na Christopher Cadbury mwaka 1973. Panya jike mmoja mwenye mimba anaweza kuharibu kazi yote hiyo. Ndiyo maana boti za wageni haziruhusiwi kugusa ufuko wa Cousin, na watu huhamishiwa kwenye boti ya kisiwa yenyewe. Mkaguzi naye asijione amesamehewa. Begi la hema, gunia la mchele, boksi la vyombo: vyote hufunguliwa na kukung'utwa katika chumba kilichofungwa kabla ya kutoka nje. Kwenye visiwa vikubwa vya Mahé na Praslin, ambako panya wamejaa, payanke bado wapo, lakini wanaofaulu ni wale waliopata pango la mwambani au tundu la juu ya mti.

Kinda akianguliwa tayari amevaa manyoya ya malaika, meupe yanayoelekea kijivu, mazito kama pamba. Siku za kwanza mzazi mmoja hakosekani. Baadaye wote wawili huenda baharini na kinda hubaki peke yake, analishwa mzazi anaporudi. Mzazi huingiza mdomo wake ndani ya koo la kinda na kumcheulia samaki, kisha huondoka. Kwa hiyo kinda aliye peke yake si yatima. Wapo wageni wenye huruma ambao humwokota na kumpeleka ofisini, na hapo ndipo anapokuwa yatima kweli.

Kumpima umri kwa uzito ni kujitafutia tabu. Kinda aliyelishwa nusu saa iliyopita ana makumi ya gramu zaidi ya alivyokuwa alfajiri. Tena uzito wake hupanda mpaka kumzidi mzazi, halafu hushuka wiki za mwisho kabla ya kuruka. Gramu 330 inaweza kuwa ya kinda anayekua au ya kinda anayejiandaa kuondoka. Bawa halidanganyi hivyo. Lipime limekunjwa, likilala bapa juu ya rula yenye kizuizi kwenye sifuri, bila kulinyoosha kwa nguvu, kila safari bawa lilelile, na ikiwezekana mpimaji awe yuleyule. Makinda machache ambayo siku yao ya kuanguliwa inajulikana hasa yatakupa jedwali la urefu wa bawa kwa umri, na jedwali hilo ndilo litakalokusaidia kwa wengine wote. Uzito pima pia, saa ileile ya siku, lakini uutumie kujua kama chakula kipo baharini. Bawa likiendelea kurefuka huku uzito umesimama wiki mbili, njaa imeingia.

Mwisho wa msimu huja swali la kufaulu, na hapa wengi huharibu data nzuri. Matundu 40 yalipatikana yakiwa na mayai, 12 yakapotea, 28 yakaangua, wanaandika asilimia 70. Sivyo. Matundu mengi yalipatikana yai likiwa limeshakaa wiki kadhaa, na yaliyovunjika kabla hujafika hukuyaona. Harold Mayfield, Mmarekani, alionyesha njia ya kutoka hapo mwaka 1961: hesabu siku, usihesabu matundu. Tuseme yale 40 yaliangaliwa jumla ya siku 600 za yai. Kupotea 12 katika siku 600 ni 0.02 kwa siku, yaani uwezekano wa yai kuiona kesho ni 0.98. Zidisha 0.98 kwa yenyewe mara 41, upate kama 0.44. Asilimia 70 imekuwa 44. Fanya vivyo hivyo kwa kinda: akiwa anapotea kwa 0.005 kwa siku, katika siku 75 anabaki 0.69. Zidisha 0.44 kwa 0.69, na kati ya mayai 100 yaliyotagwa yanatoka makinda 30. Tundu likikutwa tupu kati ya ziara mbili, chukua siku ya katikati kuwa siku ya kupotea.

Kinda mwenye manyoya kamili, mgongo umechorwa mistari myeusi na mkia bado mfupi, huondoka siku yake akiwa peke yake. Hakuna mzazi anayemfundisha kuruka wala atakayemlisha akishafika majini. Tundu likiwa tupu na kinda alikuwa amefikisha siku 65 au zaidi, hakuna damu wala mabaki kwenye eneo la mita 10, andika "ameruka". Chini ya siku hizo andika "haijulikani", hata kama moyo unataka kuandika vingine. Kibati usikitoe. Pita tena wiki ijayo, maana tundu zuri halikai wazi, na mara nyingi atakayekuzomea kutoka gizani si yule uliyemzoea.